Mkwe Afumbe Macho

Mimi nikipanga, nimepanga. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wanajua, mume wangu anajua, na mama angejua mapema kama angekubali kunisikiliza. Alipoanguka mara ya pili kule kijijini kwake Kanja akimkatia ng'ombe majani, niliamua basi, imetosha. Mimi ni mtoto wake wa pekee, na magoti yake yalikuwa yameshagoma. Nikamtayarishia chumba kwetu mjini, mtaa wa Majimbo: vyuma vya kushikilia ukutani, choo cha kukalia, kitanda kifupi, dawa za presha kwenye kisanduku chenye vyumba saba vya wiki nzima. Hata taa nilimwekea ya kuwasha akiwa amelala. Nilijipiga kifua kabisa.

Mama alifika, akakagua kila kitu, akasifu choo. Kisha akauliza mume wangu analala wapi. Nikamwonyesha: chumba kinachofuata, ukuta ni huu. Aliutazama ule ukuta, akanitazama mimi, akacheka hadi akakalia mkoba wake. Alasiri hiyohiyo alirudi Kanja.

Kwetu, kwa watu wa rika la mama, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Hampi mkono, hali naye meza moja, na salamu zao hupitia kwa mtu wa katikati. Mtu huyo ni mimi, miaka ishirini na miwili sasa, na bado nilikumbuka vyuma na taa nikasahau ukuta. Aibu gani hiyo! Kwa hasira nikamlaumu yeye. Nilimwambia kwa simu kwamba hata mchungaji alishahubiri mambo hayo yamepitwa na wakati. Akasema mchungaji akatunze mama mkwe wake mwenyewe.

Mume wangu ni Mmeru wa kule Nchiru, fundi wa mbao, mtu wa maneno mengi asiye na haraka. Aliniacha nifoke hadi nikachoka, ndipo akasema alijua tangu siku ya kwanza, ila mimi nikishasema nimepanga, nani wa kunipangua. Baada ya wiki tatu alikuwa amejenga nyumba ya mbao ya chumba kimoja nyuma ya ploti, mlango umeipa mgongo karakana yake. Vyuma vyangu vikahamia huko. Mama akaja na kuku watano na masharti mawili: asihurumiwe, na apewe kazi.

Mwezi haukuisha kabla hajawa serikali ya ploti. Maharagwe alichagua yeye, kitakachopikwa alisema yeye, na wauza mitumba walijifunza kubisha kwa adabu. Nami nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa nikitoka shule nimechoka, nakaa kwenye kigoda tunapura njahi, yale maharagwe meusi, ananisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia tangu nizaliwe. Nilijua hapo kwamba alimkataa mchumba wake wa kwanza kwa sababu alitafuna kwa kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzigo, nikapata rafiki.

Salamu bado zilipita kwangu. Mume wangu akitaka kujua kama paa linavuja, aliniuliza mimi, nami nikamwuliza mama aliyekaa hatua nne kutoka kwake na ameshasikia kila neno.

Lilibaki jambo moja. Jumapili moja tukitoka kanisani nilimwuliza mama: akianguka nikiwa shuleni, nani atamwinua? Anayeshinda nyumbani ni mume wangu.

"Utakuja wewe," alisema.

Na nikichelewa? Akasema atanisubiri sakafuni, sakafu haijawahi kumfukuza mtu. Alisema akicheka, lakini mimi nilikosa raha. Mtu wa miaka yake hawezi kulala kwenye saruji akisubiri kengele ya shule.

Ikaja siku ya soko, wakati wa ile baridi ya mwezi wa saba, mvua ya manyunyu. Nilikuwa ubaoni nafundisha hesabu za sehemu, simu ikalia. Mume wangu alisema mama ameanguka kando ya kitanda, mguu umekunjika chini yake, anaongea lakini anatetemeka. Majirani wa kike wote wameenda sokoni. Yeye amesimama nje ya mlango.

Nikamwambia amwinue. Akasema hawezi kumgusa kabla mama hajakubali. Nikamwambia aweke simu kwenye kizingiti, sauti juu.

"Mama," nikasema, "mimi niko mbali. Nakuomba."

Nilisikia manyunyu kwenye mabati yake. Nililia mbele ya darasa zima, na sikujali.

"Mwambie mkwe wangu afumbe macho," akasema.

Nikamwambia afumbe macho. Akanituma nimwambie mama kwamba amefumba. Nikamwambia. Kisha nikasikia kishindo, mtu akaguna, na simu ikakatika.

Sijui bodaboda ilinifikishaje. Nilimkuta mama kitandani chini ya blanketi, mguu juu ya mto, mzima. Mume wangu alikuwa nje mvuani, amevimba paji la uso. Alikuwa amefumba kweli, akagonga mwimo wa mlango alioupigilia mwenyewe, na bado akaingia akipapasa hadi akamfikia.

Nikasimama mlangoni, katikati yao, nikifungua mdomo kumwuliza mama nipeleke ujumbe gani. Akaniinulia mkono ninyamaze, akamtazama mume wangu.

"Mwanangu," akamwambia, "umeumia?"

Mume wangu, bingwa wa maneno, alivua kofia na kuanza kuikung'uta maji. Nikataka kumjibia. Mama akaniambia nikae chini, anamsubiri ajibu mwenyewe.