Gome la Shangazi

Kila asubuhi alitoka machinjioni na chupa ya chai kwapani, na waliopishana naye njiani wasingedhani kwamba ndani hamna chai. Mlikuwa na minyoo ya mbuzi, ikiogelea katika maji ya chumvi yenye joto la tumbo. Kazini, kwenye maabara ya dawa, walimwita Mama Minyoo. Alikuwa amezoea.

Siku moja aliimwagia minyoo dawa ya gome alilopewa na shangazi yake, aliyemlea. Shangazi alikuwa amewachemshia majirani gome hilo tangu ujana wake, wauguzi wakimcheka.

"Lipime, mwanangu," alikuwa amemwambia. "Nisije nikaingia kaburini kumbe nilikuwa nadanganya watu."

Mvuke ulipanda kutoka kwenye beseni la maji ya moto lililopasha visahani, dirisha likaingia ukungu. Aliviinamia visahani hivyo vya kioo kama anayeota macho wazi. Minyoo, myembamba kama uzi, ilipunguza mwendo polepole, kama nyasi za mtoni mkondo unapokatika. Ilipofika dakika ya arobaini na mbili, yote ikatulia.

"Imekufa!" Daktari, mkuu wa maabara, alichungulia begani kwake. "Shangazi yako apewe cheo! Andika."

"Bado, Daktari. Haijaoga."

"Wewe nawe! Unaogesha maiti?"

"Kwani maiti haioshwi?"

Akaihamishia kwenye maji safi ya vuguvugu, maana mnyoo uliokufa kweli hauamshwi na joto. Alitamani isiamke. Moyo ulimwenda mbio kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Mmoja ukajikunja. Kisha wa pili. Kisha yote.

Jioni alimkuta shangazi uani akianua shuka.

"Shangazi, haikufa. Ilizimia tu, ikaamka."

"Nani alikwambia inakufa?"

"Si dawa ya minyoo?"

"Nikimpa mtu, namwambia asiende mbali na choo. Mnyoo uliolegea haushiki utumbo, unatoka na maji. Ukiamkia huko chooni, shauri yake." Akang'oa kibanio kwenye kamba. "Kwenye karatasi zenu, kulegea kuna mahali pake?"

Alizikumbuka safu mbili za fomu: *kupooza* na *kufa*. Ile ya kwanza hakuwahi kuitazama mara mbili.

"Papo, Shangazi."

"Ilichukua muda gani?"

"Dakika arobaini na mbili."

"Basi andika hapo," shangazi alisema, akamrushia ncha ya shuka ili waikunje pamoja.