Kihisi Changu na Togwa ya Kipaimara

Chekeni tu, mimi nimeshachoka kujificha: mwaka jana niliwamwagisha wakwe zangu togwa yote ya kipaimara, tena mbele ya katekista.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Songea, na kwa miezi mingi nilihangaika kutengeneza kihisi cha kutambua fenoli, zile sumu zinazoingia kwenye maji kutoka kwenye madawa na uchafu wa viwandani. Unatumbukiza kijiti, kinasoma umeme, sumu ikiwepo mstari unapanda kwenye simu. Kilipokubali nilirukaruka kama mtoto! Basi siku ya kipaimara cha mtoto wa wifi yangu (nani alinituma?) nikaamua kwenda nacho Mpitimbi, kijijini kwa wakwe, mama mkwe aone mwanawe kaoa mtu wa aina gani.

Asubuhi nyumbani kwangu Bombambili, bodaboda anapiga honi nje, nakuta chupa yangu ya kuchotea maji inanuka dagaa. Nikaiosha chapchap kwa ile dawa nyeusi ya chooni, inayogeuza maji kuwa meupe kama maziwa, nikasuuza mara moja, huyo nikapanda.

Kisimani nikachota maji kwa chupa ile, nikatumbukiza kijiti. Mstari ukapaa! Mungu anisamehe, nilifurahi. "Jamani, maji haya yana sumu! Mwageni!" Akina mama wakamwaga ndoo zao, halafu wifi akauliza, "Na togwa je?" maana uji huo wa kimea ulipikwa kwa maji yaleyale, nami kwa sauti ya kitaalamu nikasema nayo imwagwe, pipa zima, watoto wanalia.

Mama mkwe hakulia. Alichukua maji ya dukani aliyokuwa anakunywa katekista. "Pima na haya." Nikayamimina kwenye chupa yangu, nikapima, mstari ukapaa vilevile. Akaichukua chupa, akainusa, akanitazama.

"Mwanangu, mbona hii inanuka choo?"

Kicheko kilichofuata! Nilitamani ardhi ipasuke. Kihisi hakikukosea hata kidogo, fenoli ilikuwepo kweli, imo kwenye ile dawa ya chooni, ila niliyeileta ni mimi, na pua ya mama mkwe, isiyo na betri wala simu, ndiyo iliyonikamata.

Wageni walishushia pilau kwa maji matupu. Siku hizi napima maji safi kwanza, na sitamwambia tena mtu amwage kitu kabla sijainusa chupa yangu mwenyewe. Mama mkwe alinisamehe palepale, ndiyo, lakini kila nikienda ananimiminia togwa, ananisogezea kikombe na kusema, "Pima kwanza, mwanangu," na ukoo mzima unageuka kunitazama.