Maji ya Kwanza

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, hapa Kamina, kusini mwa Kongo, nilikuwa na koti jeupe moja na kiburi cha makoti kumi. Nilikuwa nasomea mifugo. Kazi yangu ya kumalizia masomo ilihusu minyoo ya mbuzi, na dawa ya majani ambayo mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliwapa mbuzi wake kila mvua zilipoanza. Mbuzi wake mmoja, aliyemuuza kulipa karo yangu, ndiye aliyeniingiza chuoni. Jambo hilo sikupenda kulikumbuka.

Mama mkubwa anakaa kijijini, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli. Nilipomwendea na daftari alinipeleka nyuma ya jiko, akachuma majani, akayatwanga, akayaloweka katika sufuria hadi kesho yake. Kulipokucha akayamwaga yale maji, akatia mengine.

"Maji ya kwanza unamwanga," aliniambia. "Ya pili njo unapatia mbuzi. Usisahau, mama." Huku kwetu hata msichana huitwa mama.

Niliandika: kuchuma, kutwanga, kuloweka. La kumwaga sikuliandika. Niliona ni mambo ya wazee tu. Nani anapika chai halafu anaimwaga?

Ujinga wangu ndio huo. Muhogo mchungu tunauloweka na kumwaga maji yake, na hakuna mtoto wa huku asiyejua kwa nini: sumu inatoka na maji. Mimi mwenyewe nimemwaga maji ya muhogo tangu nikiwa na kimo cha ndoo. Lakini nilipovaa koti nikawa kama mtu ambaye hajawahi kula bukari, ugali wetu wa muhogo.

Chuoni tulikuwa na kobayi, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao wengine huwafuga jikoni kwa nyama. Mwalimu wangu alitaka tujue kwanza kama dawa haidhuru, ndipo tufike kwa mbuzi. Nikawanywesha sita yale maji ya kwanza, mazito, ya kijani, kwa bomba lisilo na sindano. Asubuhi ya tatu wanne walikuwa wamelala ubavu, miguu imekakamaa. Nilisikitika kidogo, nikafurahi sana. Nilikuwa nimepata matokeo.

Habari zikafika kijijini kabla yangu. Wafugaji wa parokia wakaniomba nije niwaeleze baada ya misa. Nilikwenda na koti langu, nikalivaa palepale uani pa kanisa, jua kali, watu wakiwa na nguo zao za Jumapili. Nikawaambia dawa ile ni sumu, nimeona kwa macho yangu ikiua, waiache. Mama mkubwa alikuwa amekaa benchi la mbele, maana alijivunia mimi. Akasimama. Hakuwa na hasira.

"Mama, maji ya kwanza, ulimwanga?"

Watu wote wakanitazama. Ningesema hapana, wangecheka, nami ningecheka nao, na jambo lingeishia hapo. Nililijua jibu kama ninavyolijua jina langu.

"Nilimwanga, mama mukubwa."

Akafikiri kidogo. "Basi njo minyi nilikuwa nakosa," akasema, akijilaumu yeye, akaketi.

Laiti angebisha. Aliniamini mimi kuliko mikono yake mwenyewe. Siku ileile alichukua jembe akang'oa mimea yote nyuma ya jiko, na majirani wakang'oa ya kwao.

Wiki iliyofuata nililoweka majani yaliyonibakia, safari hii nikamwaga maji ya kwanza, nikawapa kobayi wengine ya pili. Walikula nyasi, wakapiga kelele zao, wakanenepa. Nikafunga daftari. Siku ya kutetea kazi yangu ilikuwa karibu na kurasa zilikwisha kuchapwa, na nilikuwa mwoga, hilo niliseme wazi. Siku ilipofika nilipigiwa makofi. Mama mkubwa alikuja na kitenge kipya, akapiga makofi kuliko wote.

Mvua ziliporudi, mbuzi wake walianza kuvimba chini ya taya. Niliwafunua kope kama nilivyofundishwa, na ndani kulikuwa kweupe kama karatasi. Minyoo ilikuwa imewanyonya damu. Nilileta vidonge kutoka mjini, nikachelewa. Walikuwa wanane, wakabaki wawili. Mama mkubwa akanishukuru kwa vidonge. Nilimsikia akimwambia jirani, "Bila huyu mutoto, ningeua mbuzi yote na ile sumu yangu." Nilijifanya nafunga mzigo kwenye baiskeli.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilichukua miaka mitano. Mwezi uliopita nilimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo, nikamwambia: maji yale sikuyamwaga, nilikudanganya mbele ya watu wote. Hakunitazama. Aliendelea kutwanga mpaka majani yakalainika kabisa, nami nikasimama pale nikitamani anitukane.

"Mambo ya minyi na weye iliisha," alisema mwishowe. "Lakini bantu bangali banaogopa ile dawa, na mbuzi yabo inakufa. Ulisema mbele yabo. Uende useme mbele yabo, palepale."

Nikamwambia sawa, mama mukubwa, nitasema mbele yao.

Jumapili ya kwanza nilisema nina homa. Ya pili kulikuwa na mvua, na mvua ni sababu nzuri huku kwetu, barabara hazikosi tope. Ya tatu nilifika hadi uani pa kanisa. Nikawasalimia watu, nikawauliza habari za watoto, nikawauliza hata habari za mbuzi. Mama mkubwa alikuwa benchi lilelile la mbele, ananingoja nisimame. Nikapanda baiskeli nikarudi mjini.

Leo ni ya nne. Tangu asubuhi niko mezani nyumbani kwangu, nimeandika haya yote bila jina lake wala langu, na sasa hivi kule kijijini misa imeshatoka.