Chumvi, sukari na mulango ya mwalimu

Jana mujukuu wangu mwanamuke alirudi ku masomo hapa Butembo na cahier yake, daftari ya chimie. Akaketi karibu na mbabula, jiko yetu ya makala ya moto, akanisomea: chumvi ni composé ionique, vipande vyake vinavutana na nguvu kali, sukari ni covalent, molekile zake zinashikana kidogo tu. "Donc koko, mu moto sukari inayeyuka mbio, chumvi hapana. Mwalimu alituonyesha na kijiko!"

Kasirani ilinipanda mpaka mu masikio. Hapana juu ya mutoto. Sikiliza, rafiki.

Nyanya yangu, mama ya baba, alikuwa anauzisha samaki ya Kyavinyonge mu soko ya Beni. Samaki ikikosa chumvi upesi, inaoza. Lakini ugonjwa ilikuwa imeua ulimi wake, hakusikia tena tamu wala uchungu, na macho yalikuwa ya zamani. Chumvi na sukari vilikaa mu makopo mawili sawasawa. Basi alikuwa anatupa kidogo ku kifuniko ya sufuria yenye kuwaka moto. "Chumvi inapiga kelele lakini inabaki nyeupe. Sukari inanyamaza, inalia machozi, inageuka nyeusi kama makala." Ile harufu ya sukari yenye kuungua, pamoja na samaki mubichi! Sisi batoto tulilamba ile nyeusi ikisha kupoa, meno ikawa kama ya shetani.

Siku moja ku masomo, mwalimu wangu aliweka unga mbili nyeupe ku meza. Nani atazitenganisha bila kuonja? Nikainua mukono: "Tuziweke mu moto. Nyanya anafanya vile." Darasa yote ikacheka.

"Hapa ni jiko ya nyanya yako? Piga magoti. Sema: nyanya yangu ni mujinga."

Nilipiga magoti. Kusema, nilikatala. Akanifukuza mpaka siku nitasema.

Kesho yake nyanya alitia makala ya moto mu kipande ya chungu, akaweka kifuniko yake juu, akatembea nayo mpaka ku masomo, mimi nyuma na makopo mawili. Alibisha hodi. Mwalimu alimutazama kwa dirisha, akafunga mulango. Tulisimama ku baraza mpaka makala ikawa majivu.

"Twende," nyanya alisema. "Samaki inaoza."

Masomo yangu ilimalizikia pale. Nyumba hii, magari, nilivipata na mikono yangu, sikuomba mutu. Lakini barua, mpaka leo wananisomea.

Nyanya hayuko. Ile jiko walibomoa, wakajenga butike ya simu. Na yule mwalimu wangu, ku maziko yake walisema alikuwa mutu ya science. Niliamuka ku kiti, nikatoka.

Jana nilimwambia mutoto alete kifuniko. Chumvi ikapiga kelele, ikabaki nyeupe. Sukari ikalia, ikawa nyeusi. Mutoto akapiga makofi: "Koko, nani alikufundisha?"

Dakika mbili, rafiki. Ile mulango, yule mwalimu angeifungua dakika mbili tu.