Barua Yenye Kinubi

Claudinei alikuwa kinyozi, tena kinyozi mzuri. Nasema alikuwa, maana sasa si kinyozi tena.

Alitoka Anápolis, kule kule Brazili tulikotoka wengi wetu tunaoishi hapa Gort, mji mdogo huku ng'ambo. Sisi tuliletwa na viwanda vya nyama miaka ishirini na kitu iliyopita, tukakata ng'ombe, tukazaa, tukabaki. Yeye alikuja juzi juzi kwa kibali cha mwanafunzi. Asubuhi anapanda basi kwenda Galway kusoma Kiingereza, na sheria inamruhusu afanye kazi saa ishirini kwa wiki. Miaka thelathini na minne, mke na binti nyumbani, na kiti chake cha kunyolea alikiuza apate nauli. Mtu aliyeuza kiti chake hana pa kurudi kukaa.

Mimi napika kwenye nyumba ya wazee. Nilimwombea kazi ya kuosha vyombo, jioni, baada ya masomo. Attracta, mkubwa wetu, aliniangalia juu ya miwani.

"Neuza, huyo mtu wako ni msafi?"

"Kuliko sakafu yako."

Akacheka, akamwandikia barua ya kazi. Kisha akainua kidole.

"Lakini namba, Neuza. Bila namba ya serikali kompyuta ya mishahara haimjui, na mimi simjui. Namshikia nafasi wiki tatu. Zikiisha nampa mwingine, na usije kunililia hapa, nina wazee wa kutosha wanaolia."

Kuipata namba yenyewe si kazi kubwa. Unapeleka ofisini pasipoti, barua ya mwajiri, na karatasi ya kuonyesha unapolala. Bili ya umeme inatosha, na kama bili si ya jina lako, mwenye bili aandike kwamba unakaa kwake. Halafu namba inakuja kwa posta, kwenye anwani ile ile. Mwanafunzi anayelala bweni anaipata bila jasho. Shida ni ya wale wanaolala kwa Wanderlei, kama Claudinei.

Wanderlei, Mbrazili mwenzetu, alikodi nyumba ya watu wanne akaipangisha kwa watu kumi na mmoja. Yeye mwenyewe hakulala pale, alipita Ijumaa tu kukusanya kodi. Mwenye nyumba alijua wanne. Amri ilibandikwa kwenye mlango wa friji: barua yenye jina lisilo la wale wanne hailali ndani. Anayeiokota kwanza anaandika juu yake "hayupo hapa" na kuirudisha kwenye sanduku la posta. Hasa zenye kinubi, alama ya serikali. Aliyepuuza amri hiyo alikuta mabegi yake yananyeshewa nje.

Kwa hiyo Jumapili moja Claudinei alinijia na vijimkate vya jibini, bado vya moto. Nilijua mara moja kuna jambo. Mtu haoki mikate ya bure.

"Dona Neuza, naomba anwani yako. Kulala sitalala hapa. Ni karatasi tu."

"Anwani yangu si sufuria, mwanangu, uiazime halafu uirudishe."

"Watu wanasema zamani ulikuwa unawapa."

"Na hao watu walikwambia kilichonipata?"

Hakuambiwa. Nikamwambia. Niliwapa tisa, kila mmoja akiapa ni yeye tu. Siku moja akaja bwana wa serikali na faili, akasimama sebuleni kwangu akihesabu milango. Aliuliza watu tisa wanalala wapi, bafuni? Posho ya ugonjwa ya mume wangu ikasimamishwa miezi mitano kwa ajili ya uchunguzi, na mume wangu hakuiona ikirudi. Alikufa mwezi wa nne kati ya hiyo mitano.

"Pole, Dona Neuza."

"Pole haina chumba. Nenda kamwambie Wanderlei, unamlipa yeye, hunilipi mimi."

Akaondoka. Mikate aliiacha. Niliila, tena yote.

Wanderlei alimsikiliza huku ananyolewa. Bure, bila shaka.

"Nitakupa bili na nitasaini," alisema. "Kwa sababu umenikata vizuri hapa nyuma. Lakini ukimwambia mtu hata mmoja humu ndani, kesho nina foleni ya watu sita wanataka bili. Mwenye nyumba atasikia, na sote tutakwenda kulala na ng'ombe. Umeelewa, kinyozi?"

"Nimeelewa."

"Apa."

Akaapa kwa jina la binti yake. Na Claudinei, akishaapa, ameapa.

Ofisini mambo yalikwenda vizuri. Msichana wa dirishani alikisifu Kiingereza chake, akamwambia barua itafika baada ya siku chache. Jioni ile alikuja jikoni kwangu, akajaribu aproni ya kazi, akajiangalia kwenye mlango wa oveni.

Sasa, pale mlangoni kwa Wanderlei, kwenye godoro la kwanza, alilala mtu anaitwa Tião. Alifanya kazi ya kuchuma uyoga usiku, akalala mchana. Posta inapofika saa tano Claudinei yuko darasani Galway, na anayeokota barua ni Tião. Kila siku Claudinei, akishika kiapo chake, alimuuliza kama mtu anayepiga soga tu.

"Posta imeleta kitu leo?"

"Matangazo ya pizza."

Wala hakudanganya. Kilichobaki ndani ya nyumba kilikuwa matangazo ya pizza.

Siku ya kumi na nane alipiga simu ofisini. Wakamwambia barua ilishatumwa zamani, asubiri kidogo. Akasubiri. Siku ya ishirini na mbili Attracta alimpa kazi msichana wa Kibolivia mwenye namba yake tayari, na sikulia, kwa sababu nilishaonywa.

"Nimfanyeje, Neuza?" alisema. "Wazee wanakula kwenye sahani."

Claudinei akapata kazi kwa mtu mmoja anayepasua kuni huko njia ya milimani. Mtu huyo haulizi namba wala jina. Hana glavu za kumpa mtu, na kile kifuniko cha msumeno alikitoa kwa sababu kinachelewesha. Nilimwambia usiende. Akasema, "Dona Neuza, binti yangu ananiuliza kazi nimeanza lini."

Alifanya siku sita. Siku ya sita msumeno ulichukua kidole gumba na cha pili, mkono wa kulia. Yule mtu alimfungia taulo, akamshusha kwenye geti la hospitali, akamwambia aseme alikuwa anakata kuni nyumbani. Nyumbani wapi? Pale mapokezi wakamuuliza jina, wakamuuliza anakoishi, wakamuuliza namba yake. Alinipigia simu akiwa bado anatafuta jibu la swali la pili.

Alipotoka nilimleta kwangu. Nilimpa chumba cha marehemu mume wangu, mimi niliyemwambia pole haina chumba. Tião alikuja kumwona, na kifurushi cha uyoga, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Claudinei, ulikuwa unasubiri barua gani, kwani?"

"Ya namba. Yenye kinubi."

Tião akanitazama mimi, si yeye.

"Ilikuja," alisema. "Wiki ya kwanza. Niliandika hayupo, nikairudisha. Mbona hukusema, ndugu yangu? Mbona hukusema?"

"Niliapa."

"Na kalamu niliazima kwako! Ile ya kijani, ya darasani. Ilikuwa kwenye meza."

Claudinei alicheka. Kicheko kibaya, sitaki kukisikia tena. Tião akalia kama mtoto, na mimi nikaenda kuosha uyoga, maana ilibidi mtu afanye kitu.

Nilimwandikia barua kwa mkono wangu kwamba anakaa kwangu, nikachukua bili yangu ya umeme, nikampeleka ofisini Galway mwenyewe.

"Sasa ya nini?" alisema kwenye basi.

"Ya kwako. Kaa kimya."

Lakini mkono haukupona vizuri, darasani alishakosa siku nyingi mno, na mke wake akasema rudi. Alirudi. Barua ilikuja siku nne baadaye, ikaanguka kwenye zulia langu mlangoni, na kinubi chake juu. Namba hiyo haiishi muda, ni ya mtu hadi kufa. Nikampigia simu Anápolis, nikamwambia imefika, niitupe?

"Hapana, Dona Neuza. Nisomee."

Nikavaa miwani. Tarakimu saba na herufi mbili mwishoni. Nilipofika ya tatu akanikatiza.

"Polepole. Naandika kwa mkono wa kushoto."