Siku Tatu za Kutafuta Kenele

Neno BISTRO lilikuwa ukutani kabla mama yangu mdogo hajaipanga nyumba ile. Aliyekuwamo kabla yake aliuza bia, na kwetu Kisangani bistro ni mahali pa bia na muziki. Mtu akikwambia yuko bistro, hutarajii kumkuta na sahani mbele yake. Mama mdogo alipoingia na sufuria zake hakuwa na rangi ya kulifutia neno hilo. Kisha akagundua kwamba wageni, hasa wale wanaoshuka kwenye ndege na begi moja mgongoni, walikuwa wakilisoma na kuingia na njaa zao. Basi akaliacha.

Alikuwa na meza nne chini ya paa la bati, kwenye barabara ambayo baiskeli na pikipiki za Kabondo hupita kwenda mjini. Alipika samaki wa mumewe, tonton wangu, ambaye ni mvuvi wa Wagenia na huweka mitego yake kwenye maporomoko ya mto yenye jina hilo hilo. Alipika pondu, ambayo wengine huiita kisamvu, na lituma, yaani ndizi zilizochemshwa zikatwangwa, na siku nyingine kuku kutoka Bengamisa. Watu walikula, wakashiba, wakarudi. Matatizo niliyaleta mimi.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari ya Kabondo, na nina mwandiko mzuri. Mambo ninayoweza kujisifia si mengi, lakini hilo najisifia. Asubuhi kabla ya vipindi nilikuwa napita kumwandikia mama mdogo ubao wa vyakula kwa chaki. Mwanzoni niliandika alichopika. Halafu "samaki wa kukaanga" ikaanza kunichosha. Shuleni tuna kitabu cha zamani cha kusoma, kinachoeleza majimbo ya Ufaransa na vyakula vyake bila picha hata moja, na mna maneno humo matamu mdomoni kama peremende. Nikawa nayaweka ubaoni, moja kila wiki, chini kabisa. Mama mdogo alipouliza yana maana gani nilimwambia ni pambo tu, na kama mgeni akiagiza, aseme kimekwisha. Alikubali kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Tulikwenda hivyo miezi kadhaa bila tatizo. Kisha Jumamosi moja, nikiwa pale namenya ndizi, akaingia mzee wa Kifaransa, mnene, mwenye kofia ya majani. Aliivua kofia kumsalimu mama mdogo kabla ya kukaa, na kwa hilo tu alishampata. Akausoma ubao kuanzia juu. Alipofika chini alisimamisha kidole, akalisoma neno kwa sauti, "quenelles", kama mtu aliyekuta jina la ndugu yake kwenye orodha ya abiria. Akauliza kama kweli zipo.

Mama mdogo hana Kifaransa kingi, lakini aliuona uso ule. Jibu lilikuwa tayari, tulishakubaliana: zimekwisha. Yeye akaitikia, "Oui, papa."

Jikoni akanishika mkono. "Mutoto yangu, hii kitu iko nini?"

Nikamwambia sijui. Aliniangalia hivi, nikatoa simu haraka. Mtandao ulikuwa unasuasua, ila picha moja ilifunguka: vipande virefu vyeupe, vya mviringo, vimelala ndani ya mchuzi. Maelezo hayakufunguka. Mama mdogo aliisogeza simu karibu na macho, kisha nikaona mabega yake yanashuka kwa nafuu.

"Bon," akasema. "Hii iko kwanga."

Kwanga ni muhogo uliolowekwa ukachacha, ukapondwa, ukafungwa kwenye majani na kupikwa. Ni mweupe na mrefu, sawa, lakini unavutika na una uchachu wake, na niliamini kabisa kwamba Wafaransa hawaoni kwanga kila Jumamosi. Hata hivyo sikuwa na wazo lingine. Mama mdogo alikata vipande, akavichonga ncha kwa kisu, akavimwagia mchuzi wa samaki na nyanya. Lazima niseme ukweli: zilifanana na picha.

Mzee alitia kipande mdomoni akatafuna. Akaendelea kutafuna. Sisi wawili tulikuwa mlangoni mwa jiko tukimhesabia. Akameza, akanywa maji, akachukua kipande cha pili, na akala sahani yote hadi mwisho, jambo ambalo namheshimu kwalo mpaka leo. Ndipo akaniita na kuniambia kwa upole kwamba mchuzi ulikuwa mzuri sana, lakini angependa kujua amekula nini.

Nikamweleza yote: kitabu, ubao, pambo. Nilisikia masikio yangu yanawaka. Alicheka hadi meza ikatikisika, halafu akanivutia kiti.

Alikuwa dereva wa basi, sasa amestaafu. Yeye na mkewe hawakuwa na watoto wala gari. Likizo zao zote walizimaliza kwa kupanda treni kwenda kula kwenye bistro. Kwao, akanifafanulia, bistro ni nyumba ndogo ambamo mwenye mahali ndiye mpishi, na unakula kilichopo siku hiyo. Alizitaja zile walizozipenda. Kulikuwa na moja bandarini, upande wa magharibi, ambako huulizwi unataka nini. Unaletewa kilichotoka mashuani. Moja ilikuwa Paris, na mhudumu wake alimgombeza mkewe kwa kuomba chumvi, naye akawa anarudi kila mwaka ili aiombe tena. Na moja ilikuwa Lyon, nyuma ya stesheni, ambapo meza zimebanana hata unakula na kiwiko cha jirani. Huko ndiko walikokula quenelles. Mkewe alipofariki alijaribu kurudi peke yake, lakini kila mahali walimuuliza madame yuko wapi. Basi akaanza kwenda kula katika nchi za mbali, ambako hakuna anayejua kumuuliza.

Nilimtafsiria mama mdogo, ambaye alikuwa amekuja kukaa nasi na kisu chake bado mkononi. Alikiweka kisu mezani kwa heshima ya marehemu. Kisha akataka kujua kitu kimoja: ndani ya hizo kenele mna nini?

Samaki, mzee akasema. Samaki wa mtoni mwenye mdomo mrefu na meno mengi, na mifupa mingi hata hakuna anayeweza kumla kwa amani. Ndiyo maana wanamtwanga.

Mama mdogo akanigeukia. "Huyu iko mbenga," akasema. "Umwambie arudie kesho."

Mbenga tunamjua. Ana meno ya mbwa na mifupa kama sindano, na watoto wetu hufundishwa kumla polepole na mdomo umefungwa. Kesho yake, baada ya misa, tonton alileta mmoja aliyeshindana naye asubuhi nzima. Tatizo likajitokeza mara moja. Mzee alikuwa amekula kenele miaka arobaini bila kupika hata moja. Mama mdogo alijua kupika kila chenye mapezi lakini kenele hajawahi kuionja. Katikati yao nilikuwepo mimi, niliyejua kuiandika.

Alitwanga nyama ya mbenga kwenye kinu, akaipitisha kwenye chekeche la unga, akatia yai, unga wa ngano na margarini. Akafinyanga, akatosa kwenye maji yanayochemka. Zilipotea. Tulibaki na uji wa samaki, tukaunywa, haukuwa mbaya. Mara ya pili aliongeza unga, zikatoka nzima na ngumu. Ungeweza kumpiga nazo mtu. Mzee aliionja moja, akafumba macho, akatafuta neno. Akasema inatakiwa iwe kama mto.

"Kama mto," nikatafsiri.

"Muto gani?" mama mdogo akauliza. "Hii yetu?"

Nilianza kumweleza kwamba ni mto wa kulalia kichwa, lakini alikuwa ameshageukia sufuria. Maji yalikuwa yanaruka na kupasuka kwa fujo. "Donc ndiyo shida," akasema. "Maji inafanya Wagenia." Akavuta makaa pembeni mpaka maji yakawa yanatetemeka tu, kama yale yanayotulia nyuma ya mawe ambako tonton hufunga mtumbwi. Akatosa kipande kimoja kilichobaki. Kilikaa. Kilizama, kikakaa chini muda, kikapanda juu taratibu. Sijui kama ningelitafsiri neno lile vizuri zaidi angefika wapi.

Bado kilikuwa kizito, na mbenga alikuwa amekwisha. Mzee aliahirisha safari yake kwa siku moja. Jumatatu nilipotoka shule nilikimbia kwa pikipiki kwenda kuwasaidia, nikawakuta hawanihitaji. Alikuwa amefungwa kitenge kiunoni, anapiga ute wa mayai kwa uma, na mama mdogo anamwonyesha kwa mkono kwamba aongeze kasi. Wanaelewana kabisa, mmoja kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiswahili na Lingala, na hakuna aliyegeuka niliposalimia. Nilikaa nikamenya vitunguu.

Siku ile zilitoka nyepesi. Mchuzi ulikuwa wa kamba wadogo wa mtoni na mawese kidogo ya kuupa rangi. Mzee aliketi kwenye meza ya karibu na barabara, akala ya kwanza, akaweka uma chini. Akatazama baiskeli zinazopita. Nilidhani tumeshindwa tena, na mama mdogo naye alidhani hivyo, maana aliacha kujipepea.

"Mke wangu angeomba chumvi," akasema.

Nikatafsiri bila kufikiri. Mama mdogo aliingia jikoni akatoka na kikopo cha chumvi, akakiweka mbele yake. Mzee alinyunyiza kidogo, akamshika mkono, akauachia, akala nyingine tano. Alipomaliza alituambia kwamba si zile za Lyon, na kwamba asingependa ziwe zile.

Aliondoka Jumanne kwa ndege. Kwenye daftari lake alituomba jina la mahali, na kwa kuwa hapana jina, mama mdogo alimwambia aandike tu jinsi ya kufika: shuka penye pikipiki, uliza mama wa samaki. Miezi miwili baadaye walikuja wageni wawili, mke na mume, na karatasi yenye maneno hayo hayo, wamepotea kidogo lakini si sana.

Sasa kila Jumamosi zipo. Ubaoni naandika "kenele", kwa k, na wenye pikipiki wanazila na pilipili na lituma pembeni, wanadai ziwe mbilimbili. Siku hizi siandiki neno mpaka mama mdogo aniite jikoni na kunifunulia sufuria.

Tonton peke yake hakushawishika. Jumamosi ya kwanza tulimkalisha mezani kama mgeni, tukamwekea kenele tatu. Alitafuna moja huku ulimi unatafutatafuta pembeni mwa mdomo, halafu akauliza mifupa imekwenda wapi. Mkewe akamwambia kwa fahari kwamba ameitoa yote. Tonton alisema amevutana na samaki yule asubuhi nzima penye maji makali, na hawezi kukubali sasa aingie tumboni bila hata kumchoma kidogo. Akauliza kichwa kiko wapi. Kilikuwa jikoni, kimechemshwa na pilipili, kwa kuwa mama mdogo alimjua mumewe. Alimletea, akavuta kile kisahani cha kenele upande wake, na wakala hivyo wakitazamana, kila mtu na chake.