Baba Alisema Hana Mtoto, na Video ya Harusi Yake Ninaiunganisha Mimi

Admin, jina langu lifiche, na la shule pia. Wakubwa wote mnaosoma, shikamooni. Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu hapa Newala. Naishi na mama tu. Baba alihamia Tandahimba nilipomaliza darasa la saba.

Likizo hii najifunza kuhariri video kwa Baba Shadia, mwenye studio karibu na soko. Amenipa kazi yangu ya kwanza: mkato wa awali wa harusi, yaani kupanga vipande kwa mfuatano wa sherehe, bila muziki wala madoido. Kisha familia zote mbili huja kuutazama na kusema kipi kiondolewe. "Usitupe kitu, binti," aliniambia. "Watatupa wenyewe wenye shughuli."

Nikafungua kipande cha kwanza. Bwana harusi alikuwa baba yangu.

Nilijikaza, nikapanga mpaka kwenye utambulisho. Baba alishika kipaza sauti akawaambia wakwe: "Mke wangu wa kwanza alifariki. Mtoto sikujaliwa." Shangazi, aliyenibeba mgongoni utotoni, akapiga vigelegele: "Tumewaletea mume hana mzigo, hana mkia! Mtunzeni!" Watu wakacheka. Huyo marehemu ni mama yangu, ambaye kila asubuhi yuko bombani kwenye foleni na ndoo zake.

Sikulia. Nilitafuta kwenye video za zamani za studio, nikaipata ya siku nilipotolewa mwali, yaani nilipotoka unyagoni. Baba yumo, anacheza mbele ya ngoma, amenifunika khanga mpya, mama yuko kando yake. Anapaza sauti: "Mtazameni! Huyu ndiye mwanangu, sina mwingine!"

Nimekipachika kipande hicho palepale baada ya "sikujaliwa." Vimekaa vizuri mno. Nataka wakwe waone. Nataka shangazi akose pa kuweka uso.

Nilipomweleza mama, alicheka kidogo. "Kumbe nimeshazikwa, na ubwabwa wa matanga sikuonja?" Halafu akaingia ndani, hakutoka hadi magharibi.

Lakini Baba Shadia aliniamini, na bibi harusi hajanikosea. Tena, naona aibu kusema, natamani baba ainuke siku ya kutazama aseme, "Ni kweli, ni wangu."

Wanakuja Jumamosi. Jamani nishaurini, kipande hicho nikiache au nikitoe? Na wewe uliye baba, ukiniona kwenye kioo cha video mbele ya wakwe zako, utasemaje?